Mshika Chupa

Hivi wewe umewahi kumkasirikia mtu aliyekutendea wema, halafu alipokuuliza amekosa nini ukakosa hata neno moja la kumjibu? Kama hujawahi, kaa hapo usikilize. Kama umewahi, sogea karibu zaidi, maana binti huyu ni mwenzako.

Binti mwenyewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Mtaani walimwita Fundi Pazia, na yeye aliitikia. Futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata alipokwenda kununua chumvi. Siku mambo haya yalipoanza alikuwa amevaa gauni la bluu lenye vitone vyeupe, alilojishonea kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia ya ofisi moja, na aliyelitazama upesi hakuweza kujua hilo. Alikuwa amesimama katika duka la vipuri, saa ya watu kutoka kazini, watu wamebanana kaunta nzima, huyu anataka plagi, yule anapiga kelele kwamba ameuziwa cheni fupi. Fundi Pazia alitaka mpira wa petroli, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Akauona ukutani, umebaki mmoja, akanyoosha mkono akaushika.

Mkono mwingine ulikuwa umeshika ncha ya pili.

"Samahani dada, huu nimeshauchukua."

"Umeuchukua wapi? Wewe umeshika mkia. Mimi nimeshika kichwa."

"Mpira una kichwa?"

"Unacho. Ni upande niliouwahi mimi."

Mwanamume akacheka, na kucheka kwake kukamwongezea binti hasira. Alikuwa kijana wa shati jeupe la mikono mifupi, lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na alinukia spiriti na sabuni. Mfukoni mlikuwa na kalamu mbili na mkasi mdogo wa kukatia bandeji.

"Zahanati yetu jenereta linavuja," alisema. "Wagonjwa watakaa gizani kwa sababu yako."

"Na pikipiki ya baba yangu haiwaki. Kila mtu ana mgonjwa wake."

Mwenye duka, mtu mnene asiye na subira, aliona watu wengine wanasubiri. Akauchukua ule mkasi mfukoni mwa kijana bila kuomba, akaukata mpira katikati, kata!

"Haya. Ndoa imevunjika, kila mtu aende na mali yake. Anayefuata!"

Wakatoka nje kila mmoja na nusu, na nusu haikumfaa binti hata kidogo. Kijana akamuuliza mpira mrefu vile ni wa nini, pikipiki si ina tangi lake juu? Binti akaeleza kwa ukali, huku akitembea. Pikipiki ile ni ya zamani, ina kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa, na skrubu zake zimejificha chini ya tangi. Huwezi kuzifikia mpaka ung'oe tangi. Ukiling'oa, injini haina petroli. Sasa utazirekebishaje kabureta za injini iliyozimika? Ndiyo maana kwao huchukua chupa, wakaitia petroli kidogo, wakaiinua juu, na mpira ukashuka kuzilisha kabureta zote mbili wakati kazi inafanyika.

Kijana akasimama njiani. "Kumbe mnaitundikia dripu!"

Binti hakucheka. Alikwenda mpaka kona, alipohakikisha haonekani, ndipo akacheka peke yake mpaka mwenye kuuza magazeti akamtazama.

Siku chache baadaye kijana aliingia katika chumba cha kushonea. Mwenye duka la vipuri ndiye aliyemwelekeza. Akaweka mezani bahasha ndogo ya dawa. Jenereta lilihitaji mpira wa urefu wa kiganja tu, kipande kilichobaki amekileta. Juu ya bahasha aliandika kwa kalamu: *Mgonjwa: Pikipiki. Kutwa mara moja, baada ya chakula.*

Kijana huyo mtaani kwao walimwita Sindano, maana ndiye muuguzi aliyewachoma wote, wazee kwa watoto. Fundi Pazia alipolisikia jina hilo alimwonyesha cherehani yake. "Basi sote tunakula kwa sindano," alisema. "Tofauti ni kwamba vitambaa vyangu havilii."

Tangu hapo simu hazikukatika. Sindano alipiga asubuhi akiwa anavaa viatu, na mchana akiwa amejificha stoo ya bandeji.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula uzi. Niache, nina pindo refu hapa."

"Pindo na mimi nani anapendwa?"

"Pindo halinipigii simu nikiwa kazini."

"Basi leo nitakaa kimya kama pindo."

"Usithubutu," alijibu binti, akasahau kwamba alikuwa akimfukuza.

Sasa ngoja nikuambie habari za nyumbani, maana ugomvi wenyewe umezaliwa huko. Baba yake Fundi Pazia alikuwa tarishi, maisha yake yote amesambaza vifurushi vya ofisi juu ya pikipiki hiyohiyo, nyekundu, tangi lake limechakaa pale magoti yanapobana. Kila ilipohitaji kurekebishwa alifanya mwenyewe, uani, kwa utaratibu wake usiobadilika. Moto wa jikoni unazimwa. Ndoo ya mchanga inawekwa karibu. Tangi linalazwa juu ya blanketi kuukuu. Kisha kazi inagawanywa kwa watu wawili: mmoja anageuza skrubu, mwingine anashika chupa.

Chupa haitundikwi ukaondoka. Inashikwa. Mshikaji anauweka mpira kati ya vidole, tayari kuukunja kama petroli ikimwagika, na anaipandisha na kuishusha chupa kwa kadiri injini inavyotaka. Fundi Pazia alikuwa mshika chupa tangu akiwa mfupi wa kusimama juu ya kopo la rangi. Mara moja, mara moja tu, baba yake alimtazama pale juu ya kopo akasema, "Ukikua utageuza wewe, mimi nitashika chupa." Baba alisema akasahau hapohapo. Mtoto hakusahau.

Akakua. Kopo halikuhitajika tena. Bisibisi yenye mpini wa njano, iliyoungua kidogo ilipowahi kugusa eksozi, ilibaki mkononi mwa Baba.

Na Baba alikuwa ameacha kusikia. Miaka ya mngurumo ilikuwa imemla masikio polepole, na nyumba nzima ilijua, na hakuna aliyesema. Redio ilipigwa mpaka kuta zikatetemeka, Mama akasema redio imeharibika. Baba aliporekebisha kabureta aligeuza skrubu kwa kubahatisha, injini ikakohoa, akampigia kelele binti yake: "Chupa umeinamisha!" Binti alijua kwamba hakuinamisha. Alisikia wazi ni upande upi ulio na hewa nyingi na upi umezidiwa petroli, kwa sababu miaka yote ile hakuwa na kazi nyingine pale ila kusikiliza.  Hasira yake aliikunja vizuri akaiweka, kama mtu anayekunja shuka.

Ndipo Baba akatangaza siku moja wakila: "Pikipiki imezeeka, kila siku ni kurekebisha tu. Mwenye duka la rangi anaitaka. Ikitulia tu, atakuja kuichukua."

Fundi Pazia hakumaliza chakula chake. Usiku huo alipanga mambo yote kichwani. Jumamosi Baba atatoka kwenda kumwona rafiki yake asubuhi. Yeye atang'oa tangi, Sindano atashika chupa, atageuza skrubu kwa mkono wake mwenyewe, na Baba akirudi ataikuta pikipiki inanguruma ilivyokuwa zamani. Ataona. Hataiuza tena, na kama haitaki, atampa yeye. Hesabu ilikuwa nzuri. Ila kwa simu alimwambia Sindano maneno haya tu:

"Jumamosi njoo nyumbani unisaidie ile pikipiki."

"Nije nimwone na mzee?"

"Njoo tu. Usivae shati jeupe."

Aliona mengine hayahitaji kusemwa. Mtu anayempenda si atajua?

Jumamosi ilipofika, mwenye nyumba ya wageni akamshika kazini: mapazia yote yanaburura chini, wageni wanayakanyaga, yakatwe upya leo hii. Akakata, akapinda, akashona huku anatazama dirishani. Akafika nyumbani jua limeshasimama utosini.

Alisikia injini tangu mlangoni. Akaingia uani haraka.

Tangi lilikuwa juu ya blanketi. Baba hakwenda kwa rafiki yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wa kushoto umeinua chupa. Na aliyeinama juu ya kabureta, shati jeupe limelowa jasho, uso umepakwa grisi, ameshika bisibisi ya mpini wa njano, alikuwa Sindano.

"Mwenyewe huyo!" Sindano alisema kwa furaha. "Mpenzi... samahani Mzee. Dada, njoo ushike hapa, mkono wa Mzee umechoka."

"Shika chupa," Baba akasema, hata hakugeuka. "Usiinamishe."

Akaishika. Mkono ulipanda wenyewe, kwa mazoea, vidole vikaukuta mpira mahali pake. Kumbuka ule ni mpira aliouunganisha mwenyewe, nusu yake na nusu ya Sindano, kwa kiungo kidogo cha shaba.

"Kulia kidogo," Baba aliamuru. "Rudisha. Hapo! Hapo! Mwone kijana huyu, ana mkono. Mkono wa fundi!"

Injini ilikwenda mwendo wa mtu aliyevaa kiatu kimoja chake na kimoja cha mwenzake. Wanaume wawili wakatazamana, wakatabasamu. Fundi Pazia akamtazama Sindano. Mtu aliyeijua pikipiki tangu asubuhi. Asubuhi! Na bisibisi amepewa, na sifa juu yake, na yeye miaka yote ile mkono hewani.

Akaukunja mpira.

Silinda ya kushoto ikakohoa kwanza, ya kulia ikafuata. Kimya.

"Chupa umeinamisha!" Baba akapiga kelele.

"Sijainamisha. Nimefunga."

"Eti?"

Hakurudia. Aliuchomoa mpira, akaimimina petroli ndani ya dumu taratibu, bila tone kwenda nje, maana hata akikasirika vipi mikono yake haikuwa ya kumwaga. Akauzungusha mpira mkononi kama anavyozungusha futi, akautia mkobani, akatoka. Sindano akamkimbilia mpaka mlango wa nje.

"Nimekosa nini?"

"Kamalizie."

"Nimalizie na nini, mpira si umeondoka nao?"

"Si una mkono wa fundi? Tumia huo."

Simu ikaanza kulia kabla hajafika kona.

"Haloo."

"Nani?"

"Mimi."

"Akina mimi ni wengi."

"Sindano."

"Leo sichomwi." Akakata.

Wiki hiyo Sindano aliomba msamaha kwa makosa yote duniani isipokuwa lile lenyewe. Asubuhi alipiga: ni kwa sababu alivaa shati jeupe? Mchana: ni kwa sababu alimwita mpenzi mbele ya mzee? Jioni: ni kwa sababu alinywea kikombe cha baba yake, kile chenye mshikio uliovunjika, maana hakujua kina mwenyewe? Kila msamaha ulikuwa kuni kwenye moto. Binti alimsikiliza, akiona kabisa kwamba anahangaika, akataka kumhurumia, na badala yake akazidi kuwaka. Anawezaje asijue? Ana macho, ana masikio, alikuwa palepale!

"Angalau nirudishie nusu yangu ya mpira," Sindano alisema siku moja, akijaribu mzaha.

"Nusu yako nitakukatia vipande vipande, ufungie vidonda."

 Sauti ya Sindano ikabadilika, kwa mara ya kwanza na yeye akakasirika.

"Sikiliza. Uliniambia nije nisaidie pikipiki, nikaja. Nikamkuta mzee, akanipa bisibisi, ningeikataa? Nimeungua vidole viwili, mganga mkuu ameniuliza nimeshika nini. Nikiomba msamaha hutaki. Nikinyamaza hutaki. Hutaki hiki, hutaki kile. Basi unataka nini?"

Fundi Pazia akafungua kinywa. Sindano ya cherehani ilikuwa imesimama juu ya kitambaa, mguu wake juu ya kanyagio, na neno halikuja. Alilitafuta. Lilikuwa limekunjwa chini kabisa, chini ya miaka mingi, na mikunjo ilikuwa imeshikana.

"Sina la kukuambia," alisema, akakata simu. Akalia kwa hasira, akashona huku analia, na pazia zima akaliweka kichwa chini, maua yote yakaelekea sakafuni. Akafumua. Akaanza upya.

Mama yake alimkuta jikoni jioni hiyo anamenya viazi kama anavichuna ngozi.

"Viazi vimekukosea?"

"Hapana, Mama."

"Basi mwambie aliyekukosea, uviache viazi. Umemwambia?"

"Hilo ni jambo la kuambiwa? Mtu hajioni?"

Mama akavuta kigoda, akakaa. Akachukua kiazi kimoja akakigeuzageuza. "Siku nilipoolewa, baba yako aliniletea gunia la viazi. Alikuwa na furaha, akasema, najua unavipenda. Nani alimwambia, mimi sijui. Sikutaka kumvunja moyo. Tangu siku hiyo tunakula viazi."

"Mama! Wewe hupendi viazi?"

"Sijawahi kuvipenda. Vinanikwama." Akakitupa kiazi ndani ya sufuria. "Na kila vikinikwama namkasirikia yeye, na masikini ya Mungu hajui kwa nini nanuna. Sasa endelea kumenya, vitachelewa."

Ilipofika Jumamosi nyingine, Baba alimpigia Sindano mwenyewe, kwa sauti iliyosikika bila simu. "Kijana! Mwenye rangi anakuja alasiri kuichukua! Njoo umalize!"

Fundi Pazia alikuwa chumbani, amejifungia na kazi. Alisikia salamu, "Shikamoo Mzee," alisikia tangi likilazwa. Akajiambia kwamba hatoki hata nyumba ikiungua. Injini ikawaka. Ikaenda vizuri kwa kitambo kifupi, ikapwaya, ikavuta pumzi, ikafa. Ikawashwa tena. Ikapwaya tena. "Kulia!" Baba alikuwa akisema. "Zidisha kulia!" Na kila skrubu ilipogeuzwa mambo yalizidi kuharibika.

Binti akakunja uso. Ile haikuwa sauti ya skrubu. Ile injini ilikuwa na kiu. Akasogea dirishani, akafunua pazia alilolishona mwenyewe, akachungulia.

Sindano alikuwa ameinamia kabureta tena. Baba ameinua chupa. Na kwa kuwa mpira haukuwepo, kijana wa watu alikuwa ameleta alichokijua: mrija wa dripu wa zahanati, mpya, na kile kigurudumu chake cha kupunguza, na kile kikopo cha kuhesabia matone. Petroli ilikuwa ikidondoka ndani yake tone, tone, tone, kwa adabu kabisa, kama inavyomwingia mgonjwa aliyelala.

Futi ikamdondoka shingoni. Akaufungua mkoba, akatoka na mpira mkononi.

"Hiyo nini?"

Sindano akainua uso. Alikuwa na vidole viwili vyenye plasta. "Dripu. Mpira si uliondoka nao?"

"Unaipa injini matone? Hiyo ni pikipiki au mtu aliyeharisha?"

"Nimefungua mpaka mwisho!"

"Mwisho wake ni huo! Na ushike mrija wenyewe, umeshakakamaa. Petroli inakausha plastiki hiyo, kidogo tu ungekatika, ukaungua zaidi ya vidole!"

"Kulia!" Baba akasema. "Skrubu bado!"

"Baba, si skrubu!"

"Eti?"

"SI SKRUBU!"

Kuku wa jirani walitawanyika. Sindano akanyooka, akaifuta bisibisi kwenye suruali yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba kitu.

"Mzee, nisamehe. Mimi sisikii tofauti yoyote. Hata wiki ile sikusikia. Nilikuwa natazama uso wako. Ukikunja, narudisha. Ukikunjua, naacha. Niliona aibu kusema, nilitaka unipende."

Alisema kwa sauti kubwa na polepole, kama anavyosema na wagonjwa wazee, na Baba akayapata yote. Chupa ikashuka mpaka magotini mwake.

"Uso wangu?" Baba akasema. "Mimi nilikuwa natazama wako."

Hapo palikuwa pa kucheka, na mtu mwingine angecheka. Fundi Pazia hakucheka. Wanaume wawili wameiharibu pikipiki kwa kusomana nyuso, na mwenye masikio amekaa chumbani ananuna!

"Nipe bisibisi," alisema.

"Yeye hushika chupa," Baba akamwambia Sindano.

"Leo nashika mimi, Mzee." Sindano akaigeuza bisibisi, akampa binti kwa upande wa mpini, vile anavyompa daktari mkasi. Akachukua chupa kwa Baba.

Mpini wa njano ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Alifunga mpira wake mahali pa ule mrija, akakaza, akaangalia kama unavuja. "Vidole hapa. Nikikuambia kunja, unakunja, huulizi. Inua. Zaidi. Hapo tulia."

"Ndiyo, daktari."

"Sijaanza kukusamehe."

"Ndiyo, daktari."

Injini ikawaka. Akainama, nywele zikamwangukia, akazirudisha kwa mkono wa grisi. Aligeuza skrubu ya kushoto taratibu mpaka sauti ikapanda, akairudisha kidogo pale ilipoanza kuhema. Akaja ya kulia. Hii ilikuwa imekazwa vibaya na mkono wa fundi, akailegeza, akasubiri, akailegeza tena. Akaweka viganja nyuma ya eksozi mbili kupima pumzi zao. Kushoto bado kulisukuma zaidi. Akarudi. Akageuza kwa upana wa ukucha. Zile sauti mbili zilizokuwa zikigombana zikasogeleana, zikashikana, na uani pakawa na mngurumo mmoja, mzito, usiotetemeka. Mama akatokea mlango wa jikoni na kisu mkononi.

Baba akainuka. Akaweka kiganja juu ya fremu, pale tangi linapokaa. Akaweka na cha pili. Akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akiusikiliza mngurumo kwa viganja.

"Sasa imetulia," alisema. "Leo mwenye rangi hatakuwa na la kusema."

Ile hasira, ambayo ilikuwa imeanza kushuka, ikarudi yote. Fundi Pazia akaisimika bisibisi ardhini.

"Bado unaiuza?"

 Baba hakusikia, alikuwa amefumba macho. Na Sindano, mkono wake bado uko juu, jasho linamtiririka mpaka kwenye plasta, akasema kwa upole: "Mpenzi, mkono unakufa ganzi, na chupa inakwisha. Nilikuuliza kwa simu ukanikatia. Nakuuliza tena. Unataka nini?"

Kiputo cha hewa kikashuka ndani ya mpira. Silinda ya kushoto ikakohoa, ya kulia ikafuata. Kimya.

Na katika kimya kile Fundi Pazia akasema. Alisema kwa sauti ndogo, akiitazama pikipiki, wala si mtu.

Sindano akasikia. Akaishusha chupa polepole, macho yamemtoka.

"Amesema nini?" Baba akauliza.

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wamezoea kutomjibu. Baba akawatazama mmoja mmoja, yule mwenye chupa, yule wa mlangoni mwenye kisu, kisha binti yake. Akapangusa viganja vyake kwenye suruali.

"Sema tena, mwanangu," alisema. "Kwa nguvu. Mimi sisikii tena."

Mama akakiweka kisu chini. "Haya, kama leo ni siku ya kusema, basi mimi viazi sivipendi!"

"Eti?"

"Nitakuambia baadaye. Mwache mtoto aseme kwanza."

Fundi Pazia akasimama. Gauni lake la vitone lilikuwa na grisi mpaka kiunoni. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo jirani alizima redio aisikie vizuri:

"Nataka pikipiki isiuzwe! Nataka iwe yangu, niipande mimi, na skrubu zake nigeuze mimi, ulivyoniahidi nikiwa juu ya kopo! Na huyu Sindano namtaka anioe, lakini chupa atashika yeye!"